Matembezi ya siku moja: hesabu saa kabla ya kuchagua kilele

Kila wikendi ikikaribia naulizwa: "Safari hii twende wapi?" Nami huuliza: mna saa ngapi za mwanga? Kazi yangu ni kupanga njia na kuongoza watu milimani na misituni, na naona wengi huanzia mwisho. Wanaipenda picha ya kilele fulani mtandaoni, ndipo wanahangaika kuibana safari nzima ndani ya siku moja. Siku haibaniki.

Anza na gari. Usichore duara la kilomita kuizunguka nyumba yako, maana kilomita 100 za lami unaweza kuzimaliza kwa saa moja na nusu, na kilomita 30 za barabara ya vumbi iliyochimbika zikakula muda huo huo. Mvua ikinyesha, zaidi. Weka alama mahali unapoweza kufika kwa mwendo wa saa moja, kisha saa moja na nusu. Utapata umbo lenye mikono mirefu linalofuata barabara kuu. Mimi hupekua pembezoni mwa mikono hiyo, mahali ambapo ukiacha barabara kuu kwa dakika ishirini tu unakuta msitu wa hifadhi, bwawa au ukingo wa bonde ambao hakuna aliyeupiga picha. Kanuni yangu binafsi: muda wa kuendesha, kwenda na kurudi, usizidi muda wa kutembea. Ukizidi, hayo si matembezi, ni safari ya gari.

Halafu miguu. Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa mwaka 1892 kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua njia ya kilomita 12 kwenda na kurudi, yenye mita 900 za kupanda. Kilomita zinakula saa 2 na dakika 24, mwinuko saa 1 na nusu. Jumla kama saa 4. Ila Naismith hakuhesabu mapumziko, wala mtoto anayetaka kuokota kila jiwe. Kwa kundi la kawaida mimi huongeza nusu yake, tunafika saa 6. Mkitoka nyumbani saa 12 asubuhi na kuendesha saa moja na nusu, mtakuwa mmerudi kwenye gari saa 7 na nusu mchana. Hapo ndipo najua njia hiyo inafaa.

Kwenye ramani, macho yangu huenda kwanza kwenye mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Hapa ndipo utamu ulipo. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita moja, na mara nyingi kutoka mstari hadi mstari ni mita 20. Ukikuta nafasi tano za mistari zimebanana ndani ya milimita 2, maana yake unapanda mita 100 huku ukisogea mbele mita 100 tu. Hapo utapanda kwa mikono, na kama mko na wazee au watoto, tafuteni njia nyingine. Mistari ikijikunja kama herufi V, tazama ncha imeelekea wapi: ikielekea juu, hilo ni bonde, huenda lina kijito, ikielekea chini, huo ni mgongo wa kilima. Baada ya mvua nyingi mimi huchagua mgongo. Maji hayatuami huko, na unaona mbali.

OpenStreetMap, ramani iliyoanza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea, ina vijia vingi ambavyo ramani nyingine hazina. Lakini kijia kuwepo kwenye ramani si ruhusa ya kukipita, wala si hakikisho kwamba bado kipo. Linganisha na picha ya setilaiti, kisha piga simu kwa wanaosimamia eneo uulize kuhusu vibali na saa za lango. Ukiwauliza wenyeji, usiulize "ni mbali?" Mtu anayepita hapo kila siku atakwambia ni hapo mbele tu. Muulize mara ya mwisho alipita lini, na mto ulikuwa unamfika wapi mguuni.

Hali ya hewa uitazame ya kule juu, si ya nyumbani. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, bado hujahesabu upepo. Milimani mawingu hupenda kujikusanya mchana, kwa hiyo nasisitiza kuondoka alfajiri hata kama njia ni fupi. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, na mwachie mtu nyumbani jina la njia, namba ya gari na saa ambayo, kama hajasikia kutoka kwenu, aanze kupiga simu.

La dereva wengi hulisahau. Aliyeendesha asubuhi amepanda mlima kama nyinyi, na jioni anatakiwa tena kushika usukani huku wengine mnasinzia. Kama kuna wawili wenye leseni, amueni kabla ya kuondoka nani atarudisha gari. Kama ni mmoja tu, mpunguzieni kilomita za kutembea, na mpeni nusu saa ya kulala kabla hajawasha injini.