Kitu cha kale kikitoka ardhini bila maelezo kimepoteza nusu ya habari zake: mfano wa Harappa na Mohenjo-daro

Watu wengi wakija makumbusho wanauliza maswali mawili, hiki kitu kina miaka mingapi na kinaweza kuuzwa bei gani. Sisi watu wa akiolojia swali letu la kwanza ni lingine kabisa, kilikutwa wapi? Kwenye tabaka gani la udongo, na pembeni yake kulikuwa na nini? Leo naomba nieleze kwa nini tunang'ang'ania hilo, na nitatumia miji miwili ya bonde la mto Indus, Harappa na Mohenjo-daro, ambayo siku hizi iko Pakistan lakini wakati inachimbuliwa yote ilikuwa ndani ya India ya Mwingereza.

Miaka ya 1850 wajenzi wa reli ya Lahore kwenda Multan walikuwa wanatafuta kifusi cha kutandika chini ya reli, wakakuta pale Harappa kuna vilima vimejaa matofali ya kuchoma, magumu, yamelingana vizuri, basi wakayabeba. Waliyobeba yalitosha kutandika reli ya karibu kilomita 160. Yaani treni zilikuwa zinapita juu ya mji wenye umri wa zaidi ya miaka 4,000 na hakuna aliyejua, na kila tofali lililoondoka pale liliondoka na ukuta wake, na chumba chake, na mtaa wake.

Alexander Cunningham, mkuu wa idara ya akiolojia ya India wakati huo, alipata muhuri mdogo wa jiwe kutoka hapo hapo Harappa, una picha ya fahali na alama za maandishi, akauchapisha mwaka 1875. Lakini akasema umetoka nje ya India, kisa fahali yule hana nundu na ng'ombe wa India wana nundu. Kosa kubwa lakini mimi namwelewa, muhuri mmoja peke yake mkononi, bila tabaka lake, utausoma vipi?

Ikabidi kusubiri mpaka 1921 Daya Ram Sahni alipoanza kuchimba Harappa, na mwaka uliofuata Rakhaldas Banerji naye akachimba Mohenjo-daro, kilomita zaidi ya 600 kuelekea kusini, na kumbe mihuri ni ile ile! Jiwe lile lile laini, maandishi yale yale, matofali ya vipimo vile vile. Septemba 1924 John Marshall, mkuu wa idara ya akiolojia ya India miaka hiyo, akatangaza habari hizo na picha kwenye gazeti moja la London, na ndani ya siku chache tu wataalamu wa Mesopotamia, yaani Iraq ya kale, wakaandika kwamba mihuri kama hiyo wanaijua, imekutwa huko kwao kwenye matabaka ambayo umri wake unajulikana. Hapo ndo historia ya India ikarudishwa nyuma zaidi ya miaka 2,000 kwa mkupuo, kwa sababu tu kuna mtu aliandika muhuri umekutwa wapi.

Sasa sanaa yenyewe. Kile kisanamu maarufu cha msichana aliyeweka mkono kiunoni kilikutwa Mohenjo-daro mwaka 1926, na watu wakikiona kwenye picha wanadhani kikubwa kumbe kina sentimita 10.5 tu, kinakaa kwenye kiganja. Mkono wa kushoto umejaa bangili kuanzia begani mpaka kwenye kifundo cha mkono chini kabisa, wa kulia una nne tu. Kilitengenezwa hivi: fundi anachonga umbo kwa nta, anaifunika na udongo, anachoma, nta inayeyuka inatoka na kuacha uwazi, kisha anamimina shaba iliyochanganywa na madini mengine, ikipoa anavunja udongo. Kila kisanamu kinavunja kalibu yake, kwa hiyo hakuna cha pili kinachofanana nacho kabisa. Jina la "mcheza ngoma" tumempa sisi watu wa juzi, hakuna popote palipoandikwa kwamba alikuwa anacheza, na mimi napenda zaidi kumwangalia bila jina hilo, kidevu juu, anajiamini kweli kweli.

Ila kitu kinachonigusa kuliko vyote ni shanga za akiki. Jiwe lilichomwa kwanza ili wekundu wake ukolee, halafu likachongwa, likasuguliwa, likatobolewa kwa keekee ya jiwe gumu zaidi. Majaribio ya wataalamu yameonyesha keekee hiyo inaingia kama milimita 2.5 kwa saa, kwa hiyo ushanga mrefu wa sentimita 6 unataka saa 24 za kutoboa tu, hujahesabu kung'arisha, na kuna mingine inazidi sentimita 10. Huko Chanhudaro, mji mwingine wa bonde hilo hilo la Indus, kimekutwa kiwanda kizima, na shanga ambazo hazijaisha na keekee zake. Na shanga za namna hiyo zimekutwa kwenye makaburi ya kifalme ya Ur, Iraq ya leo.

Ufundi wa akiki kule Gujarat haujafa, Khambhat wanatengeneza mpaka leo, na sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua akiki vizuri, pete za wazee wetu si ndo hizo. Shanga za akiki zimechimbuliwa Kilwa pia na wataalamu wengi wanaona zimetoka Gujarat, ingawa hizo ni za karne nyingi sana baada ya Harappa, tusichanganye. Kwa hiyo ukitembea kwenye magofu ukaona kaushanga kekundu mchangani tafadhali kaache hapo hapo, piga picha, mwite mhifadhi wa eneo. Ukikaweka mfukoni kanabaki kuwa pambo tu.

Maandishi ya Indus hayajasomeka mpaka leo. Alama ni kama 400, maandishi mengi ni mafupi mno, wastani alama tano hivi, na Januari 2025 serikali ya Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, ilitangaza zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeyasoma. Kinachotafutwa ni maandishi ya lugha mbili kwa pamoja, moja ikiwa inayosomeka, na sehemu yenye matumaini ni Mesopotamia, ambako mfalme Sargon alijisifu kwamba meli za Meluhha zinatia nanga kwake, na Meluhha wengi wanaamini ndo Indus. Kuna hata muhuri mmoja uko makumbusho ya Louvre, Paris, una jina la Shu-ilishu, mkalimani wa lugha ya Meluhha. Mtu aliyejua lugha zote mbili kabisa! Lakini muhuri wake haukutoka kwenye uchimbaji, uliingia kwenye mkusanyiko wa tajiri mmoja huko karne ya 19, kwa hiyo hatujui nyumba yake ilikuwa mji gani, wala tukachimbe wapi.