Simu yasema mita tatu, kiti kiko ghorofa nyingine: mambo ya kujua kabla ya kununua tagi za kutafutia vitu

Malalamiko yanayotufikia kuhusu tagi za kutafutia vitu ndani ya majengo yameongezeka, na mengi yanafanana kama mapacha. Msimamizi wa hospitali amefunga tagi kwenye viti vya magurudumu, au mwenye godauni Industrial Area ya Nairobi amezibandika kwenye paleti. Wiki ya kwanza kila mtu anafurahi. Wiki ya pili simu inaonyesha kitu kiko mita tatu mbele, na mbele ni ukuta. Basi wanahitimisha kwamba wameuziwa vifaa feki. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi kifaa ni kizima, ila kimepewa kazi isiyo yake.

GPS tuiweke kando kabisa, maana bado tunaulizwa kila siku. Setilaiti zake ziko kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yake yakifika ardhini ni hafifu kiasi kwamba sakafu moja au mbili za zege zinatosha kuyazima. Hakuna kitufe kwenye simu kitakachobadilisha hilo.

Tagi nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, ni za Bluetooth. Zenyewe hazijui ziko wapi. Kazi yake ni kujitangaza kila baada ya muda mfupi kwenye masafa ya megahezi 2402, 2426 na 2480, kisha simu inakisia umbali kutokana na nguvu ya mawimbi iliyoyapokea. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mahali pasipo kizuizi, umbali ukiongezeka maradufu nguvu hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi). Mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, unaweza kumeza desibeli 10 peke yake. Kwa hiyo tagi iliyo mita 3 kutoka kwako, mlinzi akisimama katikati, husomeka kama iko mita 9 na zaidi. Hesabu ya programu ni sahihi. Ila programu haimjui mlinzi. Ongeza mabati, milango ya lifti na rafu za chuma: mawimbi yaliyodunda hukutana na yaliyokuja moja kwa moja, pengine yakiongezana, pengine yakifutana. Urefu wa wimbi hapa ni kama sentimita 12, hivyo ukisogeza simu sentimita 6 tu kipimo kinaweza kuruka desibeli 10 au 20. Tafadhali, usituandikie barua kwa sababu ya kipimo kimoja. Na kumbuka namba za nguvu ya mawimbi ambazo programu inaonyesha ni za hasi: −80 ni hafifu kuliko −60. Wanaozisoma kinyume si wachache, nao hutembea kwa bidii kuelekea upande usio.

Namna ya kutafuta ni hii. Shika simu kifuani, simama sekunde 10, andika wastani wa nguvu ya mawimbi. Geuka robo duara, rudia, hadi upate vipimo vinne. Kipimo kilicho hafifu kuliko vyote ni kile ambacho mwili wako ulizuia mawimbi, yaani tagi iko upande wa mgongo. Tembea hatua kumi kuelekea huko, anza tena. Usianzie karibu na ngazi. Mawimbi hupanda na kushuka kwenye uwazi wa ngazi, na tagi ya ghorofa ya chini itaonekana kama iko hapo ulipo.

RFID zisizo na betri, yaani tagi zinazojibu tu zikipigwa na mawimbi ya kisomaji, ni habari nyingine. Husomwa kwa umbali wa mita chache, na zinakwambia kitu kimepita mlango gani. Mahali kilipo sasa hazikwambii. Ukiibandika tagi ya kawaida juu ya chuma haisomeki. Nunua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kubandikwa juu ya chuma. Angalia pia masafa. Visomaji vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia megahezi 902 hadi 928, na simu za mkononi za mtandao wa GSM 900 hutuma kwenye 890 hadi 915. Kwa hiyo kisomaji hicho kikiwashwa Nairobi kinaingilia simu za majirani. Kuna vya Ulaya, vya megahezi 865 hadi 868. Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji cheti cha idhini kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na modeli iliyo kwenye cheti ilingane na iliyo kwenye kifaa, herufi kwa herufi. Cheti cha “kifaa kama hiki” si cheti.

Anayetaka usahihi wa sentimita 10 hadi 30 atahitaji UWB (redio ya masafa mapana sana), na bei yake si mchezo. Hii hupima muda badala ya nguvu. Wimbi husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, hivyo saa za vipokezi vilivyofungwa jengoni zikipishana nanosekunde tatu, karibu mita nzima imepotea. Kila mahali tagi inapoweza kufika, vipokezi visivyopungua vitatu viione. Vinne ukitaka kimo pia. Visipangwe kwenye mstari mmoja, la sivyo mtambo hautajua kushoto na kulia. Pima mahali pa kila kipokezi kwa mita ya leza kutoka kona ileile moja: fundi akikosea nusu mita siku ya kufunga, kosa litaishi hapo.

Tagi ikivaliwa na mtu, au ikifungwa kwenye kitanda cha mgonjwa anayejulikana, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusika. Ndiyo, hata kama nia ni njema. Ada ya kujisajili kwa Kamishna wa Data ni kati ya shilingi 4,000 na 40,000 kulingana na ukubwa wa taasisi, na cheti hudumu miezi 24. Msamaha wa usajili kwa wenye mapato chini ya milioni 5 na wafanyakazi chini ya kumi hauhusu watoa huduma za afya, hivyo kliniki ndogo isijifiche humo. Ufuatiliaji ukiwa na hatari kubwa kwa haki za watu, tathmini ya athari huwasilishwa kwa Kamishna siku 60 kabla ya kuanza. Data ikivuja na kuwaweka watu hatarini, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Ukija kulalamika, njoo na ramani ya jengo, picha ya modeli ya tagi, na vipimo vya sehemu zisizopungua 20, kila kimoja na saa yake. Badilisha betri kwanza. Baadhi ya betri za CR2032 hupakwa dawa chungu ili watoto wasizimeze, na dawa hiyo huzuia mguso wa umeme kwenye baadhi ya tagi.