SEO ya kofia nyeupe, nyeusi na kijivu: ipi halali, ipi hatari, na nani hulipa gharama

SEO ni kazi ya kuziandaa kurasa za tovuti ili zitokee juu katika matokeo ya Google, Bing na injini nyingine za utafutaji bila kulipia tangazo. Wenye kazi hiyo wameigawa kwa rangi za kofia. Kofia nyeupe ni mbinu zinazofuata kanuni zilizotangazwa na injini zenyewe. Kofia nyeusi ni mbinu zinazovunja kanuni hizo kwa makusudi. Kijivu ni eneo la katikati, na ndiko wamiliki wengi wa tovuti ndogo wanakojikuta bila kujua, kwa sababu fundi waliyemlipa hakuwaeleza anachofanya.

Kanuni hizo si sheria za nchi. Kununua linki hakumfikishi mtu mahakamani; adhabu yake ni ukurasa kushushwa au kuondolewa kabisa kwenye matokeo. Kudukua tovuti ya mwenzako ili upandikize linki ni suala jingine. Hilo ni jinai, na Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kama Kenya ilivyo na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018.

Ili kuelewa kwa nini mbinu fulani ni hatari, fuata kazi ya injini yenyewe. Roboti wake, yaani programu inayojiendesha yenyewe, hupita kwenye kurasa kwa kufuata linki, husoma kilichomo, kisha hukihifadhi katika faharasa. Mtu anapoandika swali, programu huchagua kurasa kutoka kwenye faharasa hiyo na kuzipanga. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, walichowazidi wenzao nacho ni kuihesabu linki kama kura: ukurasa uliounganishwa na kurasa nyingi zinazoheshimika hupewa uzito. Siku watu walipogundua kwamba kura hiyo ina thamani ya fedha, soko la kuinunua lilifunguliwa, na halijafungwa hadi leo.

Kazi halali ikoje

Tuchukue kampuni ya utalii ya Moshi inayopandisha wageni Kilimanjaro, soko ambalo kila anayeuza anataka kuonekana ukurasa wa kwanza. Kazi halali huanza kwa kujua wageni wanauliza nini, kisha kutenga ukurasa mmoja kwa kila hitaji la kweli. Ukurasa wa njia ya Marangu ueleze kwamba wageni hulala kwenye vibanda, na wa Machame ueleze kwamba ni mahema. Useme safari ni ya siku ngapi, bei inajumuisha ada za hifadhi au la, na bahshishi za waongozaji, wapishi na wagumu (wapagazi) hupangwaje. Kila ukurasa uwe na kichwa chake. Herufi kama 60 zinatosha, kwani kichwa kirefu hukatwa kwenye skrini ya simu.

Upande wa ufundi, makosa yanayoumiza zaidi ni ya kijinga kabisa. Tovuti za WordPress, programu maarufu ya kujengea tovuti, zina kisanduku cha kuziomba injini zisiisome tovuti. Fundi hukitia alama wakati wa ujenzi, tovuti inafunguliwa rasmi, na hakuna anayekumbuka kukitoa. Kosa la jamii hiyo ni mstari wa Disallow: / uliosahaulika ndani ya robots.txt, faili linalowaambia roboti wapi wasipite, ambao hufunga tovuti nzima kwa alama moja ya mkwaju. Wengine hutaka ukurasa usionekane kwenye matokeo, wanauwekea noindex, alama ya kuiambia injini isiuweke kwenye faharasa, halafu wanauzuia pia kwenye robots.txt. Hapo roboti akifika mlangoni anarudi bila kuisoma ile noindex, na anwani ya ukurasa inaweza kuendelea kuonekana kwa sababu kuna tovuti nyingine zinazoielekezea linki.

Kasi nayo hupimwa. Kiwango kinachotangazwa na Google ni kwamba kitu kikubwa zaidi kinachoonekana mtu anapofungua ukurasa, mara nyingi picha ya juu, kitokee ndani ya sekunde 2.5. Ukurasa ujibu mguso ndani ya milisekunde 200, na vitu visirukeruke wakati unafunguka. Picha ya mlima iliyotoka kwenye kamera ikiwa na MB 4 haiwezi kutimiza hilo kwa mtandao wa simu wa kawaida. Ipunguze upana, ihifadhi kwa umbo la WebP, na kwa kawaida itashuka chini ya KB 200 bila macho ya mgeni kugundua tofauti. Hata hivyo kasi peke yake haipandishi ukurasa usio na maelezo, jambo ambalo wauzaji wa huduma za kasi hupenda kulinyamazia.

Kama tovuti ina Kiswahili na Kiingereza, kila ukurasa uonyeshe ndugu yake kwa alama ya hreflang, inayotaja lugha ya ukurasa, sw kwa huku na en kwa kule, na ndugu yule naye arudishe ishara. Ishara ya upande mmoja hupuuzwa. Ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya anwani za kurasa zake, inayowasilishwa kupitia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, isizidi anwani 50,000 au MB 50 kwa faili moja, mpaka ambao duka la mtandaoni linaweza kuufikia lakini kampuni ya Moshi haitaufikia.

Matunda ya kazi hii huchelewa. Google yenyewe imewahi kueleza kwamba kwa kawaida huchukua kati ya miezi 4 na mwaka mzima. Huo muda wa kungoja ndio unaouza njia za mkato.

Kofia nyeusi, na BMW ilivyotoweka

Mbinu za zamani ni rahisi kuzitambua: kurudia neno moja mara 40 katika ukurasa, kuandika maneno meupe juu ya mandhari nyeupe, au kujaza maneno katika alama ya meta ya keywords, orodha ya maneno muhimu iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, ambayo Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo. Bado wapo wanaotoza fedha kwa kuijaza.

Hatari zaidi ni kumwonyesha roboti ukurasa mmoja na binadamu ukurasa mwingine. Februari 2006 Google iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye matokeo kwa sababu hiyo. Kulikuwa na kurasa zilizosheheni neno la Kijerumani la magari yaliyotumika, na mtu akizifungua, msimbo wa JavaScript ulimhamishia papo hapo kwenye ukurasa mwingine wenye picha nzuri na maneno machache. BMW iliziondoa kurasa hizo na ikarudishwa baada ya siku chache. Kampuni yenye jina hilo haiwezi kukosekana Google kwa muda mrefu, maana watu wataitafuta kwa jina. Mwenye tovuti ndogo asitegemee kuharakishiwa vivyo hivyo.

Kurasa kama zile huitwa kurasa za mlango. Kwa kampuni yetu ya Moshi zingekuwa kurasa 30 zenye maneno yaleyale, moja ya "kupanda Kilimanjaro ukitokea Berlin", nyingine "ukitokea London", nyingine "ukitokea Paris", zikitofautiana kwa jina la mji tu. Kama kampuni kweli ina wakala Berlin, au ina maelezo ya ndege na viza yanayowahusu wanaotoka huko, ukurasa huo ni halali. Kinachohukumiwa ni utupu wake.

Lakini moyo wa biashara hii ni linki. Februari 2011 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi kuhusu J.C. Penney, kampuni ya maduka ya Marekani iliyokuwa ikiongoza kwa maneno ya kila aina, kuanzia magauni hadi matandiko. Ilibainika kwamba maelfu ya linki zilikuwa zimepandwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo. Google ilichukua hatua. Kwa maneno 59 ambayo gazeti liliyafuatilia, wastani wa nafasi ya Penney ulikuwa 1.3 tarehe 1 Februari. Tarehe 10 ulikuwa 52. Kampuni ilisema haikuziidhinisha linki hizo na ikamfukuza mshauri wake wa SEO. Kumfukuza hakukuirudishia nafasi: aliyezipanda linki alipoteza mteja mmoja, na mwenye duka akapoteza wanunuzi waliokuwa wakimfikia bure.

Aprili 2012 Google ilitoa sasisho lililoitwa Penguin, lililolenga linki za namna hiyo, na likagusa takriban asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Linki zilizonunuliwa miaka mitatu nyuma, enzi ambazo karibu kila mshindani alinunua, zilihesabiwa kuwa kosa siku hiyo. Hapo ndipo hatari ya kofia nyeusi ilipo: mbinu huhukumiwa kwa kanuni za siku ya ukaguzi.

Tangu Septemba 2016 Penguin imekuwa sehemu ya mfumo wenyewe, na linki mbovu kwa kawaida hupuuzwa tu badala ya kuishusha tovuti nzima. Wauza linki hulitaja hilo kama habari njema. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba amelipia kitu kisichohesabiwa, na siku kinapoacha kuhesabiwa nafasi yake hushuka, wala hakuna cha kusafisha ili arudi alikokuwa, kwa kuwa pale juu alikuwa amebebwa na linki hizohizo.

Aina moja inatugusa hapa nyumbani. Tovuti ndogo za shule, makanisa na taasisi mara nyingi hutumia violezo vya WordPress vya wizi, vinavyopakuliwa bure kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Ndani yake huweza kuwa na linki zilizofichwa za kamari. Kupima ni rahisi: andika kwenye Google site: ukifuatisha jina la tovuti yako bila nafasi, kisha neno casino au slot. Zikitokea kurasa usizoziandika, tovuti imeingiliwa. Kuzifuta kurasa hizo peke yake hakutoshi. Badilisha nywila zote, ondoa kiolezo, sasisha programu-jalizi, na ukague akaunti za wasimamizi, maana mdukuzi huacha akaunti yake ya kurudia.

Eneo la kijivu

Hapa ndipo watu waaminifu huteleza. Mwenye hoteli anampa mwanablogu wa utalii usiku mbili bure, naye anaandika sifa na kuweka linki. Hilo haliharamishwi, ila linki ile imelipiwa, hata kama shilingi haikuonekana, na inatakiwa kubeba alama ya rel="sponsored" au nofollow, inayoiambia injini isiihesabu kama kura. Interflora ya Uingereza, kampuni ya kuuza maua, ilitoweka kwenye matokeo Februari 2013, wiki chache kabla ya Siku ya Mama ya huko ambayo ndiyo msimu wa maua, ikihusishwa na makala za kulipiwa katika magazeti ya mikoani. Hata Google ilijiadhibu: Januari 2012 iliushusha ukurasa wa kivinjari chake cha Chrome baada ya wanablogu waliolipwa kwa kampeni yake kugundulika.

Kubadilishana linki na mshirika mnayepelekeana wageni ni kawaida. Kubadilishana na tovuti 200 za watu msiojuana ni mpango. Makala ya mgeni kwenye jarida linalosomwa ni sawa. Makala ileile iliyogeuzwa maneno na kupelekwa kwenye blogu 50, kila moja ikiwa na "safari nafuu Tanzania" kama maneno ya linki, si sawa. Kipimo kinachosaidia ni kujiuliza: kama injini za utafutaji zisingekuwepo, je, ungeifanya kazi hii kwa faida ya wasomaji wake?

Maandishi ya akili unde yako eneo hilohilo. Google haikatazi maandishi kwa sababu tu yametungwa na mashine. Kanuni zake za Machi 2024 zinakataza kumwaga kurasa nyingi zisizo na manufaa kwa lengo la kupanda, ziwe za mashine au za mkono, na tafsiri za mashine za kazi ya wengine zimo. Mwenye kutafsiri kurasa 500 kwenda Kiswahili bila mtu kuzisoma yumo humo, na Kiswahili chake humuumbua kabla Google haijamfikia.

Ukishaadhibiwa

Adhabu ni za namna mbili. Ya mkono hutolewa na mkaguzi wa Google, na utaikuta imeandikwa Search Console pamoja na sababu. Unarekebisha, unaandika maombi ya kufikiriwa upya ukieleza ulichofanya, na jibu huchukua siku kadhaa hadi wiki, zaidi kwa kesi za linki. Ya mfumo haina barua: utaona wageni wameshuka, na njia ya kuitambua ni kulinganisha tarehe ya kushuka na tarehe za masasisho ambayo Google huyatangaza.

Kwa linki mbovu, anza kwa kuwaomba wenye tovuti waziondoe na uhifadhi ushahidi wa maombi. Zilizobaki ziorodheshe kwenye faili la .txt, kila mstari ukianza na domain: na jina la tovuti, kisha ulipakie kwenye zana ya Google ya kukana linki, yaani kuiomba isizihesabu. Mpaka wake ni mistari 100,000 na MB 2. Asiye na adhabu ya mkono asiiguse zana hii ovyo, kwani ni rahisi kukana linki nzuri kwa pupa.

Kabla ya kumlipa fundi yeyote, hakikisha jina la kikoa limesajiliwa kwa jina lako na wewe ndiye mmiliki wa akaunti ya Search Console, yeye awe mtumiaji tu. Mkataba umtake alete kila mwezi orodha ya linki alizopata, ukurasa kwa ukurasa, na kama zimelipiwa. Anayekuhakikishia nafasi ya kwanza, mwambie aandike kwenye mkataba huohuo atakurudishia nini Google ikiishusha tovuti kwa sababu ya kazi yake.