Memwari ipi imekataa?

"Yaya, memwari yangu imekataa."

Simu hiyo niliipokea saa mbili usiku, na nikaanza kumpa pole. Kwetu Lubumbashi memwari ni kile kitabu cha kurasa themanini ambacho mwanafunzi anakiandika mwisho wa masomo na kukitetea mbele ya walimu. Nilidhani wamekikataa. Kumbe kijana alikuwa anazungumzia kompyuta. (Na kwetu yaya ni ndugu mkubwa, mume kwa mke. Msomaji wa Dar es Salaam asidhani nalea watoto wa watu.)

Kazi yake ni hii: shina la titani la nyonga bandia, lile linaloshindiliwa ndani ya mfupa wa paja. Anataka kujua nyama ya jirani itapata joto kiasi gani mgonjwa akiingizwa kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5. Programu inapiga hesabu za mawimbi ya redio, za joto, na za damu inayopita ikipoza, zote kwa mkupuo mmoja. Kila ikifika katikati inasimama na kuandika kwamba kumbukumbu haitoshi. Basi akaenda mjini, akanunua diski ya nje ya terabaiti 1, akaichomeka. "Nimeongeza memwari, yaya, na bado inakataa."

Nimeshasikia hiyo mara nyingi mno, kwa hiyo leo naandika.

Kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM, ni mahali namba zinapokaa wakati zinafanyiwa kazi. Hifadhi, iwe diski, fleshi au kadi, ni mahali zinapolala kazi ikiisha. Hapa kwetu kipimo tunacho, wala hakihitaji shule: umeme ukikatika ghafla, kilichopotea kilikuwa kwenye kumbukumbu, kilichobaki kilikuwa kwenye hifadhi. Maana ni hiyo tu.

Kinachoniudhi ni jina lenyewe. Kumbukumbu linatoka kwenye kukumbuka, na limerudiwa mara mbili kana kwamba mara moja haitoshi. Tunalitumia kwa mambo tusiyotaka yapotee: kumbukumbu za kikao, ambazo katibu anazisoma kikao kijacho, Kumbukumbu la Torati, ambamo Musa anawarudia watu sheria wasije wakazisahau, ibada ya kumbukumbu ya marehemu. Halafu neno hilohilo tukalibandika kwenye kitu kinachosahau kila kitu waya ukichomolewa.

Sisi tulilirithi tu. Charles Babbage, Mwingereza aliyechora mashine yake ya hesabu katika miaka ya 1830, alikuwa na maneno manyofu zaidi: sehemu ya kuwekea namba aliiita ghala, sehemu ya kuzifanyia kazi aliiita kinu. Ghala halidai kukumbuka chochote. Mwaka 1945 mwanahisabati John von Neumann aliandika juu ya kompyuta akizilinganisha sehemu zake na neva za mwanadamu, na ndani ya maandishi hayo namba zikawa zinakaa kwenye kumbukumbu. Neno likashika. Wafaransa, ambao ndio waliotuachia memwari yetu, walijaribu kusaidia: RAM wanaiita mémoire vive, kumbukumbu iliyo hai. Hapo wangestahili shukrani, lakini wakaharibu kwa kuiita kile kijikadi cha simu carte mémoire. Kijikadi kile ni hifadhi tangu kuzaliwa! Ukienda sasa kwa wauza simu wa soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi) utaambiwa "memwari yake 64", nawe huwezi kujua unauziwa nini mpaka ugeuze kasha na kusoma.

Kwa mwenye simu kosa hilo halina hasara kubwa. Kwa mtu anayepiga hesabu za kiungo bandia linakula pesa.

Kijana alinibishia kwamba faili lake lina megabaiti 200 tu na mashine yake ina RAM ya gigabaiti (GB) 16, itakosaje kutosha? Nikamuuliza kama amewahi kupika maharage. Unapima vikombe viwili, sufuria inaonekana kubwa kupita kiasi, na baada ya saa moja mfuniko umeinuka. Faili ni maharage makavu. Programu inapoanza kutatua milinganyo inajenga jedwali kubwa la namba ambalo karibu lote ni sifuri, na sifuri haihitaji kuwekwa popote. Lakini njia ya moja kwa moja ya kulitatua inalivunja jedwali hilo kuwa mawili, na katika kulivunja, sifuri nyingi zinageuka namba zisizo sifuri, kila moja ikidai baiti zake. Jedwali la GB 1 kuvimba hadi GB 60 si ajabu. Na ukipunguza kwa nusu urefu wa vipande vya wavu, yaani vile vipande vidogo ambavyo programu inaigawa nyama na chuma ili ipige hesabu, upate usahihi, vipande vinakuwa mara 8, na RAM inayotakiwa kwa njia hiyo inakaribia mara 16.

Kununua diski hapo ni kuongeza gunia la maharage jikoni wakati sufuria ndiyo ndogo.

Nitakuwa mkweli: kompyuta ikizidiwa inaweza kuazima sehemu ya diski ijifanye RAM. Yeye alijaribu, akaiacha usiku kucha, asubuhi ilikuwa kwenye asilimia nne. Diski ya waya wa USB ni polepole kuliko RAM mara mia na zaidi.

Dawa ilikuwa kwenye wavu. Alikuwa ameijaza titani yote vipande vidogo, mpaka moyoni mwa chuma. Lakini katika mashine ya tesla 1.5 mawimbi yanatetemeka mara milioni 64 hivi kwa sekunde (megahezi 64), na kwa mtetemo huo hayaingii ndani ya aloi ya titani hata sehemu ya kumi ya milimita. Ndani hakuna cha kutafuta. Nilimwambia auchukulie uso wa chuma kama ukuta, vipande vidogo aviweke kwenye nyama iliyo karibu na ncha za shina, ambako joto linakusanyika, kisha atatue mawimbi kwanza na joto baadaye, badala ya kuyafunga pamoja. Nyama ikipanda nyuzi chache tu, mawimbi hayabadiliki kiasi cha kuhangaisha. Hesabu ikashuka hadi GB 11, ikapita.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kile ulichonunua mjini kiite diski. Pesa haikupotea: matokeo ya hesabu hizi ni mazito na yanahitaji pa kulala. Na ile memwari nyingine, ya kurasa themanini, weka nakala yake humo leo, kabla umeme haujakatika.