Kupanua wigo wa walengwa: maana yake nini?

Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji wa kutambua kaya maskini za kuingizwa TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania wa kusaidia kaya hizo, anajua ubishi unapoanzia. Fulani ana nyumba ya bati, lakini bati lenyewe alinunuliwa na mwanawe ambaye sasa ni marehemu. Fulani ana ng'ombe, lakini ng'ombe ni wa shemeji, yuko hapo kwa kutunzwa tu. Kelele zote hizo ni juu ya neno moja: kustahiki.

Kustahiki, katika mipango ya misaada ya serikali, ni kutimiza masharti yaliyowekwa ili upewe. Masharti hayo huitwa vigezo, na wanaoyatimiza huitwa walengwa. Kupanua wigo wa walengwa ni kulegeza au kusogeza vigezo ili mtu aliyekuwa nje jana aingie leo. Watu huchanganya hili na kuongeza fedha. Ukimwongezea elfu tano mama yule yule aliyekuwa akipokea, umefanya jambo jema, ila wigo uko pale pale.

Afrika Kusini ni mfano mzuri, maana pale unaweza kuona kigezo kimoja kimoja kikisogezwa. Ruzuku yao ya malezi ya mtoto ilianza Aprili 1998, randi 100 kwa mwezi, kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka 7. Akitimiza 7, basi, na huo ndio umri ambao sare na madaftari vinaanza kudaiwa nyumbani. Umri ukapandishwa kidogo kidogo: chini ya miaka 9 mwaka 2003, chini ya 11 mwaka 2004, chini ya 14 mwaka 2005, hadi kufikia 2012 ukawa chini ya 18. Mamilioni ya watoto waliingia kwa kubadilishwa tarakimu hiyo tu.

Kigezo cha kipato ndicho chenye hila. Mwanzoni mlezi wa mjini alitakiwa awe na kipato kisichozidi randi 800 kwa mwezi, na wa kijijini au wa kwenye vibanda randi 1,100. Viwango hivyo vikaachwa bila kuguswa kwa takriban miaka 10, huku unga na nauli vikipanda. Chukua mfanyakazi wa ndani wa mjini aliyekuwa akilipwa 750. Tajiri wake akamwongeza mpaka 850, nyongeza ambayo pengine haikufidia hata bei ya mkate. Kwa karatasi, mama huyo si maskini tena. Hakuna kikao kilichokaa kumwondoa. Ni bei zilizosogea, na kigezo kikabaki kimesimama. Kwa hiyo wigo unaweza kupungua bila mtu kutia saini popote.

Mwaka 2008 kanuni ikarekebishwa kwa namna ambayo mimi naiona ya busara kuliko hata ile ya kupandisha umri. Ukomo wa kipato ukawa mara 10 ya kiasi cha ruzuku kwa mlezi aliye peke yake, na mara mbili ya hapo kwa wanandoa. Ruzuku ikipanda, ukomo unapanda wenyewe. Mwaka 2025 ruzuku ilipokuwa randi 560, ukomo ulikuwa 5,600, na kwa wanandoa 11,200. Tatizo la kwenye ukingo lilibaki, lakini. Mama wa watoto watatu aliyekuwa akipata 5,590 alipokea 1,680 juu ya mshahara wake. Jirani yake aliyekuwa akipata 5,610 hakupata kitu. Popote utakapochora mstari, kuna mtu atakuwa amesimama hatua moja nje yake.

Halafu kuna swali la nani anahesabiwa mzazi. Ruzuku hii humfuata mtoto, na mwombaji ni yeyote anayemlea kwa kweli, awe mama, baba, shangazi au bibi. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa bibi ana nafasi gani katika malezi. Kenya, mpango wa fedha kwa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu ulipoanza mwaka 2004, kigezo kilielekea upande mwingine: ilitazamwa kwanza kama mtoto ni yatima, au yeye au mlezi wake ni mgonjwa wa muda mrefu. Fukara mwenye afya anayelea watoto wake mwenyewe alikuwa na umaskini wa kutosha, ila hakuwa na sifa.

Tanzania kigezo kilichosogezwa sana ni mahali. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF ulioanza mwaka 2012 ulifikia takriban asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia. Ukiwa huna kitu lakini kijiji chako hakimo, hustahiki. Awamu iliyozinduliwa Februari 2020 ililenga kufika kote. Kipato chenyewe hakipimwi kwa hati ya mshahara, kwani muuza maandazi ataitoa wapi? Wanakijiji hutaja majina, dodoso linauliza juu ya paa, sakafu na mali iliyomo ndani, majibu yanapigiwa hesabu, kisha orodha inarudi mkutanoni. Na ubishi wa bati unaanza upya.

Kuna upanuzi mwingine usiotangazwa kwenye hotuba za bajeti, ule wa makaratasi. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, hana cheti cha kuzaliwa, kwa miaka mingi hakuwepo machoni pa ofisi hata kama alitimiza kila sharti. Siku hizi Afrika Kusini mlezi wake anaweza kuomba kwa hati ya kiapo na vithibitisho vingine, akaanza kulipwa huku cheti kikiendelea kufuatiliwa. Umri haukuguswa, kipato hakikuguswa, na mtoto akaingia.