Msumari Unaogeuka Sumaku: Jaribio la Umeme kwa Betri ya Tochi

Treni ya SGR inayofika Dodoma, pampu za visima vya Mzakwe na hata feni ya ofisini huzungushwa na mota, na ndani ya mota mna waya wa shaba uliosukwa ambao huwa sumaku umeme unapopita. Sumaku ya namna hiyo mwanafunzi anaweza kujitengenezea mwenyewe.

Tafuta msumari wa inchi 4, betri moja kubwa ya tochi, pini za chuma na mita moja na nusu hivi ya waya mwembamba wa shaba. Waya hauna haja ya kununua: fundi anayesuka mota huwa na vipande vya kutupa.

Wengi hukwama hapa. Waya wa mota huonekana mtupu, kumbe umepakwa vanishi isiyopitisha umeme. Kwangua ncha zote mbili kwa msasa mpaka shaba ing'ae, la sivyo utalaumu betri bure. Katikati usiguse, kwa sababu vanishi hiyo ndiyo inayoulazimisha umeme uuzunguke msumari badala ya kukatiza njia. Mwingereza William Sturgeon, aliyeonyesha sumaku yake ya umeme mwaka 1825, alitumia waya mtupu, hivyo ilibidi aache nafasi kati ya mzunguko na mzunguko. Baadaye Joseph Henry wa Marekani aliuvisha waya hariri, akausuka kwa kuubananisha, na sumaku zake zikawa na nguvu kubwa zaidi.

Zungusha waya kwenye msumari mara 20, kwa kuelekea upande uleule tu. Gusisha ncha kwenye betri, hesabu pini zilizonaswa, kisha achia. Isizidi sekunde tano, maana waya na betri hupata moto upesi. Ongeza mizunguko ifike 40, uhesabu tena. Waya unaobaki usiukate; ukiukata utakuwa umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, idadi ya mizunguko na urefu wa waya. Halafu fungua urudi 20. Pini zikiwa pungufu kuliko mara ya kwanza, betri imechoka na hesabu ya 40 haiaminiki. Mimi hatua hii ya kurudi nyuma naithamini kuliko nyingine zote, na ndiyo inayorukwa sana.

Betri ya bodaboda usiitumie, inaweza kuuchoma waya na vidole. Soketi ya ukutani ndiyo kabisa: umeme wa volti 230 unaua.

Ukichomoa betri, huenda pini moja mbili zikabaki zimening'inia. Msumari ni chuma kigumu, hushika usumaku kidogo. Ili kuulainisha, mtu mzima auweke msumari mweusi wa kawaida, si wa bati, kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mwekundu, aufukie kwenye majivu upoe polepole hadi asubuhi. Rudia jaribio, uone pini ngapi zinabaki sasa.