Je, wajua Emacs, programu ya kuhariri maandishi, hujuaje vitufe ulivyovipanga mwenyewe?

Iambie Emacs kwamba kuanzia leo F5 ihifadhi faili. Kisha bonyeza Ctrl-h, halafu k, halafu F5 yenyewe. Papo hapo dirisha la msaada linafunguka: kitufe hiki huendesha amri ya save-buffer, na kazi yake ni hii na hii. Hakuna aliyekaa kuandika upya ukurasa ule kwa ajili yako. Imejuaje?

Siri ni kwamba kitufe na kazi vimetenganishwa. Kazi ya kuhifadhi ina jina lake, save-buffer, nalo halibadiliki. Kitufe ni kama chumba cha kupanga: amri ilikuwa inakaa Ctrl-x Ctrl-s, sasa umeipangia na F5, lakini jina ni lile lile. Nani anakaa wapi huandikwa kwenye jedwali tunaloweza kuliita ramani ya vitufe. Ukibonyeza kitufe, Emacs hutazama ramani hiyo ili itende. Ukiuliza msaada, hutazama ramani hiyo hiyo ili ijibu.

Na jambo hili linakwenda mbali kuliko wengi wanavyodhani. Hata herufi a ni njia ya mkato! Ukiibonyeza, Emacs huenda kwenye ramani, hukuta amri iitwayo self-insert-command, na amri hiyo ndiyo inayoweka herufi kwenye maandishi yako. Uliza Ctrl-h k kisha a, uone mwenyewe.

Wanaoandika maelezo ya amri nao wana utaratibu ambao naupenda sana. Hawaandiki "bonyeza Ctrl-x Ctrl-s". Huandika \[save-buffer], na maelezo yanapofunguliwa, Emacs huweka mahali pale kitufe kinachotumika kwako wakati huo. Amri isiyo na kitufe huonyeshwa kwa M-x (kwa kawaida ni Alt-x) na jina lake.

Kwa nini wakajisumbua hivyo? Emacs ilizaliwa mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani. Kabla yake, watumiaji wa kihariri cha TECO pale walikuwa wamejitengenezea amri, kila mtu na zake, na ukikaa kwenye kihariri cha mwenzako unapotea. Guy Steele alianza kuziunganisha, Richard Stallman akaiendeleza kazi hiyo. Programu ambayo kila mtu anaigeuza atakavyo haiwezi kutegemea kitabu kilichokwisha kuchapwa. Lazima ijieleze yenyewe.

Tahadhari moja: ramani si moja. Ile ya aina ya faili unayohariri husomwa kabla ya ile ya jumla, kwa hiyo kitufe chako kinaweza kufunikwa. Ndiyo sababu kuna makubaliano kwamba Ctrl-c ikifuatwa na herufi moja, pamoja na F5 hadi F9, ni mali ya mtumiaji. Weka zako humo.

Ukizisahau, bonyeza Ctrl-c kisha Ctrl-h, zote zinazoanzia hapo zitaorodheshwa. Tangu toleo la 30, la mwaka 2025, Emacs inakuja pia na which-key. Ukishaiwasha, bonyeza Ctrl-c utulie kidogo tu, na orodha inajitokeza chini ya skrini, vitufe vyako vikiwemo.